Flash ya Mwalimu Zabron

Ukitaka kumjua Damiano Siame wa Tunduma, usiwaulize majirani zake. Hao watakuambia ni mtu mpole, hagombani, Jumapili yuko kanisani na shati limepigwa pasi. Panda lori lolote linalosubiri kuvuka kwenda Zambia, mwombe dereva achomeke flash yake kwenye redio. Kabla wimbo wowote haujaanza utamsikia Damiano mwenyewe, kwa sauti nzito ambayo nyumbani kwake hakuna anayeijua: "Damiano Digitali, Tunduma, jirani na maegesho ya malori. Nyimbo zote, za huku na za ng'ambo. Jina kwanza, kazi baadaye." Halafu namba ya simu, mara mbili, polepole, ili anayetaka kuandika aandike.

Tangazo hilo alilirekodi ndani ya kabati la nguo, kichwa kikiwa katikati ya magauni ya mkewe Nesta, ili mwangwi usiingie. Nesta alicheka mpaka akakaa chini. Lakini tangazo lilifanya kazi. Madereva walimpigia wakiwa Ndola, wakiwa Lusaka, wengine bila shida yoyote, kumwambia tu kwamba wamemsikia. Damiano akawa anajibu simu hizo nje ya banda, amesimama, ili watu wasikie anaongea na watu wa mbali.

Tusimcheke sana. Alitoka Momba, mtoto wa sita wa mkulima wa ufuta, akamaliza kidato cha nne na matokeo ambayo baba yake aliyakunja na kuyaweka mfukoni bila neno. Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kulitaja jina lake mbele ya watu, isipokuwa mwalimu wa zamu aliyekuwa anaita wachelewaji. Mtu wa namna hiyo akilisikia jina lake likitoka kwenye spika ya lori, kichwa lazima kivimbe kidogo. Shida ni kwamba cha Damiano hakikujua pa kukomea.

Kazi yake ilikuwa kuwawekea watu nyimbo. Dereva anayekwenda siku nne au tano porini, mahali ambapo mtandao unakatika na kurudi, anataka flash iliyojaa, na anaitaka sasa hivi, injini inaunguruma. Kwa ajili ya watu hao Damiano alikaa mwezi mzima akajifunza kutengeneza kiprogramu chake mwenyewe, akakiita Chapchap. Ukichomeka flash, Chapchap inafuta kila kilichomo, inaweka folda yenye jina la Damiano na tangazo lake, kisha inamimina nyimbo za wiki hiyo mpaka flash ijae pomoni. Haiulizi. Flash ikigoma, Chapchap inasubiri sekunde chache, inajaribu tena, na tena, mpaka ikubaliwe. Mteja akileta flash yenye vitu vyake vya kutunza, Damiano anaifunga Chapchap kwanza. Ni kubofya mara moja tu, na kwa miaka mitatu hakuwahi kusahau.

Kulikuwa pia na flash zilizofungwa. Unazichomeka, kompyuta inakuambia diski hii imelindwa isiandikwe. Nyingine zinajifunga zenyewe kwa uchakavu, zikiwa karibu kufa, na ukizilazimisha unazimalizia. Nyingine zimefungwa na mwenyewe kwa makusudi, kwa sababu ana kitu hataki kiguswe. Fundi makini anauliza kwanza ni ipi kati ya hizo. Damiano alikuwa anafungua lile dirisha jeusi la kompyuta, anaandika amri nne anazozijua kwa kichwa, na kufuli linatoka. Wateja walikuwa wanaviangalia vidole vyake, naye alijua wanaviangalia.

Jumanne moja ya mwezi wa saba, baridi imekaza, akaja mama mmoja kutoka Isansa. Anaitwa Enesi. Alikuwa amevaa sweta la kiume lililomzidi mikono, na kwenye ncha ya kitenge chake alikuwa amefunga kitambaa, na ndani ya kitambaa mlikuwa na flash. Juu ya flash palikuwa pamebandikwa kipande cha plasta ya kidonda, kimeandikwa kwa kalamu ya wino: KUSOMA TU.

"Ni maandishi ya marehemu mume wangu," akasema. "Mwalimu Zabron. Mwalimu wa kwaya."

Damiano alimvutia kiti, na mama akaeleza. Zabron alifundisha kwaya ya pale Isansa miaka ishirini na sita. Karatasi hakuwa mtu wake. Nyimbo alizitunga kichwani na kuzifundisha kwa mdomo, sauti moja moja, akiimba mwenyewe mpaka waimbaji wazishike. Mwaka juzi miguu ilipokataa, na hospitali wakamwambia ukweli, alijifungia chumbani miezi mitatu na simu yake. Alirekodi nyimbo kumi na mbili ambazo kwaya ilikuwa haijawahi kuzisikia, kila wimbo mara nne: besi, teno, alto, na hata soprano, ambayo aliiimba kwa kujiminya koo huku akikohoa. Wa mwisho ulikuwa wimbo wa kuimbiwa yeye mwenyewe, siku kwaya na ndugu watakapokusanyika, mwaka ukishatimia, kuweka msalaba kwenye kaburi lake.

"Alisema zote tusiziguse mpaka mwaka ukaribie," Enesi alisema. "Anaijua kwaya yake. Wakikaa na wimbo muda mrefu wanaanza kuurembesha."

Mpwa wake wa Mbeya ndiye aliyezihamishia nyimbo kwenye flash na kuifunga, kwa amri ya mzee. Simu iliyorekodia ilishaingia maji. Sasa Enesi alikuwa na kadi nne za kumbukumbu za simu, moja kwa kiongozi wa kila sauti, na alichotaka ni nakala.

"Nakili tu, baba. Ndani ya hiyo usiongeze kitu. Alisema isiandikwe."

"Usiwe na hofu, mama," Damiano akajibu. "Umefika kwa mwenyewe."

Mama akavuka mpaka kwenda Nakonde kumwona dada yake, akasema atapita jioni.

Hapa inabidi niseme wazi, kwa sababu baadaye Damiano alijaribu sana kulifunika jambo hili hata mbele ya nafsi yake. Kunakili hakuhitaji kufungua kufuli. Flash iliyofungwa inasomeka vizuri kabisa, inakataa kuandikwa tu. Alichotakiwa kufanya ni kuvuta nyimbo zile kumi na mbili, kuzipeleka kwenye kadi, na kurudisha flash kwenye kitambaa chake. Mtu mwenye haraka angemaliza kabla chai haijapoa.

Lakini aliposikia mara moja sauti ya Mwalimu Zabron, besi ya wimbo wa kwanza, akajua ameshika kitu kikubwa. Akaona nyimbo hizo zikitoka Isansa, zikifika Hasamba, zikifika Mbozi Mission, kila kwaya ikiomba flash kwa jirani. Akaona kila mtu akiifungua na kusikia kwanza nani amezileta. Jina kwanza, kazi baadaye. Akafungua dirisha jeusi. Plasta ilikuwa mbele ya macho yake, inamwangalia. Akaandika zile amri nne, na kufuli likatoka.

Wakati huohuo dereva mmoja akaegemea kwenye banda. "Mulishani mukwai," akasalimia, na Damiano, anayependa kuonyesha Kibemba chake kidogo, akageuka kumjibu. Walicheka kuhusu foleni ya mpakani. Walibishana kuhusu wimbo fulani, kama mwimbaji ni wa Kitwe au Kabwe. Nyuma ya mgongo wake, Chapchap, ambayo ilikuwa wazi tangu asubuhi, ambayo ilikuwa imeijaribu flash ya Mwalimu Zabron kila baada ya sekunde chache na kukataliwa kila mara, ilijaribu tena na safari hii ikakuta mlango uko wazi.

Alipogeuka, kioo kilikuwa kimeandika kwa rangi ya kijani: TAYARI.

Alimwambia dereva asubiri, kisha akamwambia aende. Akafunga banda saa sita mchana, jambo ambalo hata kwenye msiba wa mjomba wake hakulifanya. Ndani akawasha programu ya kurudisha vilivyofutika na kukaa mbele yake mikono ikiwa katikati ya magoti. Ikafanya kazi siku mbili. Ilimrudishia majina yote, moja baada ya jingine, mpaka akaanza kupumua: Msalaba, besi. Msalaba, teno. Msalaba, alto. Akabofya alto. Ukatoka muziki wa dansi, na mwanamke analalamika kwamba mpenzi wake hapokei simu. Majina yalibaki, ndani mlishamiminwa vitu vingine. Akabofya yote arobaini na nane. Kwenye lililobofywa la mwisho alikuwa anajua tayari, akabofya hivyo hivyo.

Enesi, ambaye Jumanne alikuwa ameambiwa mashine inachelewa, alirudi Alhamisi. Alikuja na mfuko wa maparachichi ya shambani kwake, makubwa, yale yanayotaka siku mbili tu yalainike.

"Mama," Damiano akasema, akiangalia meza, "ile flash ilikuwa imeshachoka. Hizi zinakufa zenyewe. Nimejaribu, imekataa."

Alikuwa amejiandaa kwa kilio, hata kwa matusi. Enesi akasema taratibu, "Ni mimi. Niliiweka kwenye kabati la jikoni, karibu na jiko. Nilisema pale wezi hawatafikiria. Ni moshi, sivyo? Ni joto."

Damiano angeweza kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi, na lilifika mpaka kwenye meno.

"Inawezekana," akasema.

"Nisamehe kwa kukupotezea siku mbili zako," mama akamwambia. Akamwachia maparachichi yote. Flash aliitaka, ina maandishi ya mzee, lakini Damiano akamwomba amwachie aendelee kujaribu. Hakuwa na la kujaribu. Aliogopa tu mtu ataichomeka mahali na kuisikia ile sauti nzito ikitoka.

Nyumbani Nesta aliyakata maparachichi kila mlo, akatia chumvi, akamsogezea. "Baba Lucky, mbona hugusi?" Alijibu kwamba tumbo halijakaa sawa. Siku ya tatu Nesta akasema yataoza, akawagawia majirani, na majirani wakapita mmoja mmoja mlangoni kumshukuru Damiano kwa ukarimu wake. Aibu ilimkaa shingoni. Kazini alianza kupunguza sauti ya spika tangazo lake linapoanza, na mteja mmoja akamuuliza kama anaumwa.

Baada ya wiki mbili Enesi akampigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye ameshalia na kumaliza. Watu wa kwaya walikuwa wanasema maneno. Walisema nyimbo hazijaharibika, mjane ameziuza kwa studio Mbeya, na ndiyo maana hana la kuonyesha. Wengine walikuwa hawamsalimii tena.

"Njoo Jumamosi kwenye mazoezi, baba, uwaambie wewe uliye fundi," akasema. "Waambie niliiharibu mimi kwa moshi. Kuitwa mzembe nitavumilia. Kuitwa mwizi wa mume wangu siwezi."

Njia nzima mpaka Vwawa, na kutoka Vwawa mpaka Isansa, Damiano alifanya mazoezi ya kusema uongo wake. Aliupanga vizuri, akaupamba kwa maneno ya kifundi. Flash ilikuwa kwenye mfuko wa shati, na kila aliposhuka na kupanda aliigusa kuona kama bado ipo, ingawa hakuna kitu duniani alichotaka kukipoteza kama hicho.

Kanisani walikuwepo watu kama thelathini, wamekaa kwa sauti zao, soprano mbele, besi nyuma. Gibson, mwalimu mpya, kijana mpole mwenye rula mkononi, akampa kiti karibu na spika ya kwaya. Enesi hakusubiri kuitwa. Alisimama na sweta lake la kiume, ambalo Damiano sasa alielewa lilikuwa la nani, akasema mbele ya wote kwamba kazi ya mume wake imepotea kwa uzembe wake, kwamba alipewa kitu kimoja tu cha kutunza na akakitunza kijinga, na kwamba anaomba msamaha kwa kila sauti. Akaziomba msamaha moja moja: soprano, alto, teno, besi. Besi mmoja mzee aliangalia dirishani.

"Fundi," Gibson akasema, "tusaidie kueleza."

Damiano akasimama. Maneno ya kifundi yalikuwepo yote, yamepangana. Akamwona Enesi akimtikisia kichwa kidogo kumtia moyo, kama mama anavyomfanyia mtoto anayesoma neno mbele ya watu. Akashika mgongo wa kiti.

"Flash haikuwa imechoka," akasema. "Nimeifuta mimi."

Gibson, ambaye ana roho nzuri, akamtafutia njia. "Unamaanisha ilitokea bahati mbaya wakati unanakili."

"Hapana. Ilikuwa imefungwa isiandikwe. Mwenyewe aliifunga. Mimi nikaifungua."

"Kunakili kunahitaji kuifungua?"

"Hakuhitaji."

"Sasa uliifungulia nini?"

Damiano alitamani swali lolote jingine. "Nilitaka kuweka jina langu," akasema. "Na namba ya simu."

Enesi alikuwa bado amesimama. Akauliza, "Na ule moshi?"

"Hakuna moshi, mama. Hukuharibu kitu. Nilikuacha ubebe lawama."

"Flash iko wapi?"

Akaitoa mfukoni. Plasta ilikuwa imeanza kubanduka upande mmoja.

"Ina nini sasa?"

"Hamna kitu cha maana, mama."

"Mimi nimekaa na hicho kitu karibu mwaka mzima nikijua yumo," Enesi akasema. "Nataka kusikia aliyemo. Chomeka."

Akachomeka. Spika ya kwaya ilikuwa nzuri, Zabron aliichagua mwenyewe. Ikajaa kanisa zima ile sauti ya kwenye kabati la nguo: Damiano Digitali, Tunduma, jirani na maegesho ya malori. Nyimbo zote, za huku na za ng'ambo. Jina kwanza, kazi baadaye. Waimbaji waliinamisha vichwa. Damiano alisimama pembeni ya sauti yake mwenyewe, akaisubiri itaje namba, mara ya kwanza, polepole, kisha mara ya pili. Hakuwahi kujua tangazo lile ni refu kiasi kile. Dansi lilipoanza, Gibson alizima.

Enesi akakaa. Alinyoosha mikono ya sweta, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mimi wimbo wa msalaba niliusikia kupitia ukutani. Nilikuwa jikoni anaporekodi." Akaanza kuimba alto, sauti kavu, isiyo ya kwaya. Gibson akachukua kalamu. Ubeti wa kwanza ukapita, na kiitikio, na nusu ya ubeti wa pili. Kisha akanyamaza.

"Hapo nilitoka kuchota maji," akasema. "Niliporudi alikuwa ameshafika huku." Akaendelea kutoka huku.

Watu wa besi walikaa naye mpaka jua likaanza kuzama wakitafuta sauti zao pembeni ya yake. Kile kipande hawakukipata, na hawakutaka kukibuni. Nyimbo zile nyingine kumi na moja Enesi alikumbuka vipande tu, vingine maneno bila sauti, vingine sauti bila maneno.

Msalaba uliwekwa mwezi wa tisa. Damiano hakualikwa wala hakukatazwa. Alikuja na suruali ya kazi, akakuta vijana wanachanganya zege, akachukua koleo bila kuuliza. Enesi alimwona, akaendelea kupokea wageni.

Kwaya iliimba. Walipofika katikati ya ubeti wa pili, wote wakanyamaza kwa pamoja. Mkono wa Gibson uliendelea kuhesabu hewani, taratibu, mapigo kumi na sita, na makaburini pakasikika upepo kwenye mabua makavu ya mahindi tu. Kisha sauti zote zikarudi kwa pamoja, na akina mama kadhaa wakaanza kulia.

Mzee mmoja mgeni, ndugu wa marehemu kutoka Nakonde, alikuwa amesimama karibu na lundo la mchanga. Alifuta macho, akamgeukia aliyekuwa jirani naye.

"Pale waliponyamaza pamenigusa sana," akasema. "Ni Zabron mwenyewe aliyetunga pale?"

"Hapana, mzee," Damiano akajibu. "Pale ni pangu."

Mzee akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamuuliza anaitwa nani. Damiano hakutaja. Alisema zege linakauka, akainama kwenye koleo.